Shamba la Arobaini na Moja

Shamba la arobaini na moja lilipigwa faini ya jogoo kabla halijatoa hata punje moja. Kosa lake lilikuwa hili: siku ya Alhamisi, watu wote walipotoka na majembe kuzibua mfereji, lenyewe halikutuma mtu.

"Sheria ni sheria," Mzee Wekoye, mwenyekiti wa mfereji, alisema huku akiligonga daftari lake. "Kila shamba lililoandikwa hapa linaleta mtu moja na jembe moja. Arobaini na moja imeandikwa. Mtu iko wapi? Jembe iko wapi?"

"Lakini mzee," Kimotho akajaribu, "hilo shamba liko ndani ya kompyuta."

"Kwani ndani ya kompyuta hakuna watu?"

Kimotho, mtaalamu wa mimea aliyekuwa ametoka Kitale na laptopu begani, alikwenda kwa Phelista, jirani mwenye kuku na bata, kununua jogoo. Jogoo akaliwa siku hiyo hiyo pale kwenye lango la maji, na firigisi akapewa Kimotho mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mgeni.

Nelima aliyaona yote hayo akiwa amesimama nyuma kabisa, mgongo wa Phelista ukimkinga. Mzee Wekoye alikuwa baba mkwe wake, na kwa Wabukusu mke wa mtoto hajipeleki peleki mbele ya baba mkwe. Hampi mkono. Haketi pale baba mkwe alipoketi. Akiwa na neno, analipitisha kwa mama mkwe. Ulikuwa mwaka wa sita tangu aolewe na Matthew, fundi wa mawe aliyekuwa akijenga huko Eldoret, na maneno yote ambayo Nelima na mzee walikuwa wameambiana ana kwa ana yangeenea kwenye kifuniko cha soda. Macho tu ndiyo hayakukatazwa, na Nelima alikuwa mtu wa kuangalia. Angeweza kukaa kwenye tuta la shamba lake asubuhi nzima akiangalia maji yasiyokuja.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Bonde lao huko Kabuchai lilikuwa na mashamba arobaini ya mpunga na mfereji mmoja, na shamba la Nelima lilikuwa la arobaini, mkiani kabisa. Wa juu walijaza mashamba yao mpaka vyura wakachoka kuogelea. Maji yakifika kwa shamba la thelathini yalikuwa yamekonda, na la arobaini lilipata habari tu. Tena udongo wake ulikuwa na mchanga: mvua ikinyesha leo, kesho imeshazama. Msimu uliopita alikuwa amevuna beseni moja. Na daftari la mzee lilisema hivi: shamba lisilofikisha gunia moja misimu miwili mfululizo linapewa mtu mwingine.

Mtu huyo mwingine alikuwa tayari. Aliitwa Levi, binamu ya Matthew, na kila Jumapili baada ya kanisa alikuja na viatu vyake vyeusi vya kung'aa kulipima shamba la Nelima kwa hatua.

"Shem, usijali," alikuwa akisema. "Mimi napima tu. Thelathini na nne, thelathini na tano... Hapa nitaweka nyanya."

Kwa hiyo Kimotho alipokuja mwezi wa nne na mpunga wake wa kompyuta, Nelima alisikiliza kuliko wote.

"Huu ni mpunga wa kuigiza," Kimotho aliwaeleza. "Naiambia kompyuta udongo wenu ukoje, mbegu gani mmepanda, jua limewaka kiasi gani, mvua imenyesha kiasi gani. Nayo inaulima humu ndani siku kwa siku, halafu inaniambia mpunga wenu utakuwa na kiu lini, na mtavuna magunia mangapi."

"Na nani anapalilia huko ndani?" Phelista akauliza.

"Hakuna magugu, mama."

"Ee! Si unihamishe huko, bana."

Watu walicheka, lakini Kimotho hakukata tamaa. Alisema mpunga si samaki, hauhitaji kukaa majini kila siku. Ukizika bomba la plastiki lenye matundu shambani, unachungulia ndani na kuona maji yako wapi chini ya udongo. Yakishuka mpaka shubiri moja, hapo ndipo unafungulia. Kabla ya hapo mpunga hausikii kiu, na maji unayomwaga juu yake ni maji ya bure ambayo yangelisha shamba la mwenzako. Basi kila Jumatatu atatuma ujumbe kwa simu: shamba la arobaini na moja linasemaje, wa juu wafungue au wafunge. Wakubali kulifuata msimu mmoja tu.

"Mfereji ule ule, maji yale yale," alisema, "magunia zaidi."

Mzee Wekoye alikubali kwa heshima ya mgeni, si kwa imani. Yeye shamba lake lilikuwa la kwanza, nalo lilikuwa limejaa siku zote kama kikombe cha chai. Ili kumfurahisha, Kimotho alimkabidhi mwenyekiti kifaa cha kupimia mvua, kikopo kizuri cha plastiki angavu chenye mistari, kikafungwa kwenye kigingi katikati ya boma lake. Kila siku saa tatu asubuhi mzee asome na kutuma namba. Nelima akapewa kazi ya kuchungulia mabomba na kuandika kwenye daftari, kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyemwambia Kimotho, kupitia kwa mama mkwe, kwamba bomba la shamba la saba alikuwa amelizika juu chini.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa tamu. Kitale ikasema fungeni, wa juu wakafunga huku wakinung'unika, na siku ya Jumatano maji yakaja kwa shamba la arobaini yakiwa yamebeba majani na kandambili moja ya mtoto. Nelima aliingiza miguu ndani akasimama tu.

Halafu mvua za alasiri zikaanza, na hapo mambo yakageuka kichekesho. Kadiri mvua ilivyonyesha, ndivyo Kitale ilivyolia ukame. "Shamba 41 lina kiu. Fungueni juu." Jumatatu iliyofuata: "Shamba 41 lina kiu sana. Fungueni zaidi." Wa juu walifungua huku wamejifunika magunia vichwani. Bata wa Phelista walihamia kwenye mpunga wa Mzee Wekoye wakakataa kurudi nyumbani. Mzee mwenyewe alitembea kifua mbele.

"Mmeona? Hata kompyuta imekubali. Mpunga inataka kuogelea!"

Mkiani hakukufika hata tone la mfereji. Udongo wa Nelima ulipasuka mistari kati ya mvua na mvua, na majani ya mpunga yakaanza kujikunja kama sigara. Jumapili Levi alikuja akahesabu hatua, safari hii akiwa na kamba.

Ikafika siku ya Nelima kulipeleka daftari la mabomba Kitale. Ofisi ya Kimotho ilikuwa na zulia, naye aliingia na gambuti zenye matope ya Kabuchai mpaka magotini, kwa kuwa alikuwa ametoka shambani moja kwa moja. Kimotho akamkalisha mbele ya kompyuta. Shamba la arobaini na moja lilikuwa mstari wa kijani uliopanda vizuri, ukasita, halafu ukaanza kuporomoka.

"Linakufa," Kimotho alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Siku kumi na tisa bila mvua. Kumi na tisa, mama! Sijawahi kuona ukame kama huu Bungoma mwezi wa tano."

Nelima aliangalia kioo. Mvua: sifuri. Sifuri. Sifuri. Zilishuka mpaka chini kama mayai kwenye trei. Halafu akaangalia gambuti zake.

"Na nani anasoma?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mzee Wekoye mwenyewe. Hajakosa hata siku moja. Mtu makini sana."

Neno lilifika mdomoni mwa Nelima likaketi hapo hapo. Angesema nini? Kwamba baba mkwe wake anadanganya? Mbele ya mtu wa nje, ndani ya ofisi yenye zulia? Alimeza.

"Labda mvua yetu inaruka ruka," alisema.

Kimotho akashusha pumzi. "Jumatatu nakuja kwa mkutano. Hali ikiwa ni hii, mradi naufunga, naupeleka bonde lingine. Maji ambayo shamba hili linaomba, mfereji wenu hauna. Mtarudia zamu zenu za zamani."

Zamu za zamani. Nelima aliisikia sauti ya Levi ikipanda nyanya.

Siku iliyofuata hakufua nguo. Mvua ilipokuwa ikija, siku zote yeye ndiye alikuwa wa kwanza kukimbia nyumbani kuanua. Leo hakuwa na cha kuanua. Aliketi kwenye tuta la shamba lake. Lilikuwa mbali na maji, lakini boma la mzee lilionekana lote kutoka hapo, mlango, banda la mbuzi na kigingi chenye kikopo. Saa tisa wingu likapanda kutoka upande wa Mlima Elgon, jeusi kama sufuria ya harusi. Tone la kwanza lilipogonga kofia ya Nelima, mlango wa mzee ukafunguka kwa kishindo.

Mzee Wekoye, mtu wa miaka sabini na moja, mwenye goti linalohitaji mafuta ya kuchua kila jioni, alitoka mbio kama kijana wa shule. Mkononi alikuwa na mwavuli. Hakujifunika yeye. Alikifunika kikopo, akakifungua kamba, akakifunga ndani ya sweta yake na kukikimbiza nyumbani. Mlango ulibaki wazi, na Nelima akaona kikopo cha mvua kikiwekwa juu ya meza, kwenye kitambaa cha kushona cha mama mkwe, kando ya redio.

Mvua ikanyesha, mvua ya kweli, ya kumwaga. Ilipokwisha, mzee akatoka, akakifuta kikopo kwa leso ndani na nje, akakirudisha kwenye kigingi, akarudi nyuma hatua mbili kuhakikisha kimekaa wima.

Nelima alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye tuta akakaa kwenye matope. Mzee hakuwa mwongo. Alikuwa muungwana. Mgeni amekuachia kitu chake cha thamani, utakiacha kinyeshewe?

Kucheka kulipokwisha, alibaki na swali: nani atamwambia? Mama mkwe, Sellah, alikuwa amekwenda Lwakhakha kwa harusi ya mtoto wa dada yake na hangerudi kabla ya Jumatano. Phelista angeweza kutumwa, lakini kumwambia Phelista ni sawa na kulitangaza kanisani; mzee angechekwa bonde zima kabla hajamaliza chai. Na mkutano ulikuwa Jumatatu.

Jumamosi asubuhi Nelima alikwenda kwenye ua wa mzee, upande wa nje. Mbuzi wa mzee, jike la madoa lenye ndevu, lilikuwa limefungwa hapo likitafuna. Mzee alikuwa ameketi upande wa ndani na daftari lake la mvua magotini. Nelima akaugeuzia ua mgongo.

"Wewe mbuzi," alisema kwa sauti ya kusikika, "habari ya asubuhi?"

Kiti cha mzee kikalia.

"Mbuzi," sauti ya mzee ikatoka ndani ya ua, "mwambie huyo anayekusalimia kwamba umeamka salama."

"Asante. Mbuzi, nina swali. Ukitaka kujua bomba la maji linajaza ndoo kwa muda gani, ndoo unaiweka wapi?"

"Mbuzi, mwambie ni swali la mtoto. Chini ya bomba."

"Si ukiiweka jikoni?"

"Ati jikoni? Itajaaje ikiwa jikoni? Mbuzi, huyu mtu amekunywa chai kweli?"

"Amekunywa, mbuzi. Sasa, ukitaka kujua mvua inajaza kikopo kiasi gani?"

Mzee alianza kujibu. "Kikopo unaiweka..." Akanyamaza.

Kuku akapita. Mbuzi akaacha kutafuna na kuutazama ua, kana kwamba na yeye alikuwa akingoja.

"Mbuzi," mzee akasema mwishowe, polepole, "kitu ya mgeni haiachwi kwa mvua. Hata wewe unajua. Mimi nililelewa hivyo."

"Anajua, na anashukuru. Ila mbuzi anafikiria tu kwamba labda hiki kilitengenezwa kwa kunyeshewa. Kama gambuti."

"Nani alikuambia... nani alimwambia mbuzi niliingiza ndani?"

"Hakuna mtu. Mbuzi ana macho."

"Na Phelista anajua?"

"Mbuzi hajaongea na Phelista hata kidogo."

Kiti kikalia tena. Mzee alisimama, akauegemea ua kwa uzito wote wa mawazo, na daftari la mvua likaning'inia upande wa nje. Mbuzi, aliyekuwa ameulizwa mengi asubuhi hiyo bila kupewa chochote, alinyoosha shingo na kung'oa ukurasa wenye sifuri zote.

"Ala! Toa! Toa hiyo!"

Mbuzi alimeza.

"Sasa mtaalamu nitamwonyesha nini Jumatatu?" mzee akalia, akisahau kabisa kumtaja mbuzi. "Siku hizo zote zimepotea! Nani anajua mvua ilinyesha kiasi gani?"

Nelima naye akasahau. "Jikoni kwangu," alisema. Halafu akakumbuka. "Mbuzi, mwambie kwamba iko jikoni kwangu."

Kwani tangu maji yalipofika shambani kwake mara ya kwanza, Nelima alikuwa akitega kopo tupu la mafuta ya kupikia juu ya nguzo nje ya jikoni. Kila asubuhi alisimamisha kijiti ndani, akaona kimelowa mpaka wapi, na kuchora mstari wa urefu huo kwa mkaa ukutani. Hakutumwa na mtu. Alitaka tu, shamba likilowa, ajue amshukuru nani, Mungu au mfereji.

Jumatatu Kimotho alifika na uso wa mtu aliyekuja kuzika. Watu walikusanyika kwenye lango la maji, na wengine wakampa pole.

"Tulisikia shamba lako ni mgonjwa," Phelista alisema, akamkabidhi sukari nusu kilo. "Jikaze."

Mzee Wekoye akasimama. Alikohoa mara tatu.

"Watu wangu, nimefanya utafiti," alisema. "Mimi pamoja na mbuzi wangu."

Akasema yote. Hakuficha sweta, hakuficha leso, hakuficha kitambaa cha Sellah. Kwanza watu waliangalia chini kwa heshima. Halafu Phelista akatoa sauti kama birika linalochemka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Hata Kimotho alicheka, na machozi yakamtoka, ya furaha au ya siku kumi na tisa. Mzee aliwasubiri wamalize, halafu na yeye akacheka, akishika goti.

"Lakini kikopo ni safi!" alipaza sauti. "Semeni ukweli! Mmeona kikopo safi kama hiyo?"

Wakaenda wote jikoni kwa Nelima, isipokuwa mzee, ambaye alisimama nje kama inavyompasa. Kimotho alipiga magoti kwenye majivu na rula, akapima mistari ya mkaa mmoja mmoja, akaiingiza kwenye kompyuta juu ya jiwe la kusagia. Milimita kumi na mbili. Nne. Ishirini na tatu. Mstari wa kijani ukatetemeka, ukasimama, ukaanza kupanda.

"Limefufuka!" Phelista akapiga vigelegele, na huko nje bata wakamjibu.

Shamba la arobaini na moja likasema wa juu wafunge siku sita. Mzee Wekoye alikwenda mwenyewe akalishusha lango la shamba lake la kwanza, kisha la pili, kisha akasimama na fimbo kuwaangalia wengine. Jumatano maji yalifika mkiani, safari hii yamebeba manyoya ya bata tu.

Jumapili Levi alikuja kupima. Nelima alimwona kutoka mbali akataka kumwita, lakini mtu akishaanza kuhesabu si vizuri kumkatiza. Hatua ya tatu ilimzamisha mpaka gotini. Alipovuta mguu, ulitoka mguu peke yake.

"Shem! Kiatu yangu!"

"Shem, usijali," Nelima alisema. "Tutakipata kwa mavuno."

Wakakipata kweli, mwezi wa nane, pamoja na magunia tisa. Mzee Wekoye alivuna kama mwaka jana, gunia kwa gunia, kwa nusu ya maji, na hilo lilimsumbua sana. Alirudia kuhesabu siku tatu. Yule mbuzi mwenye madoa alikuwa sasa amefungwa kwenye ua wa Nelima. Mzee alikuwa amemtuma Sellah amlete na ujumbe kwamba mbuzi ameomba kuhama mwenyewe, kwani kule anaulizwa maswali mengi.

Kimotho alikuja kufunga hesabu ya msimu. Alifungua laptopu yake na kukuna kichwa.

"Karibu sawa kabisa," alisema. "Ila kompyuta ilisema shamba la arobaini litatoa magunia tisa na nusu."

Mzee Wekoye, akiwa amesimama hatua kumi kutoka kwa mke wa mtoto wake kama inavyotakiwa, aliangalia magunia, akaangalia ua.

"Mbuzi," alisema, "hiyo nusu iko wapi?"

Mbuzi aliendelea kutafuna.